Nilimshukuru Mama Mkwe kwa Dawa Niliyoimwaga

Mpendwa mshauri wetu Mama Mugeni, naomba msaada wako, na ukitaka kucheka, cheka kwanza, mimi mwenyewe ningecheka kama si aibu hii. Mimi ni fundi cherehani hapa Biryogo, mtu wa kukaa kutwa nzima na kusahau kunywa maji, na mwezi uliopita nilishikwa na maumivu ya ubavu mpaka nikagaagaa chini nikilia kama mwenye uchungu wa uzazi, na mke wangu Yasmina, aliyezaa watoto wanne bila kelele, akasimama kunitazama tu, na hospitali wakasema ni jiwe kwenye figo, jiwe dogo, wakanipa vidonge na kuniambia ninywe maji mengi.

Mama mkwe wangu alipopata habari akaja na chupa ya umuravumba na umubirizi, majani machungu aliyoyachemsha mpaka maji yakawa meusi, na unajua desturi zetu, anayekupa kinywaji huonja kwanza mbele yako, basi akaonja, mama wa watu, hata uso hakuukunja, akanipa kikombe kwa mikono miwili, na mkwe gani atakataa hapo? Nilipokea, nikalowesha midomo, na alipogeuka kwenda kumsalimu binti yake nikamwaga yote kwenye ndoo ya maji ninayonyunyizia nguo wakati wa kupiga pasi. Ikawa hivyo kila asubuhi. Mteja mmoja akaniuliza kwa nini kanzu yake mpya inanuka majani, nikamwambia ndiyo harufu ya kitambaa cha Dubai.

Jiwe likatoka. Mama mkwe akaita majirani, maana kwetu aliyepona humshukuru mganga wake mbele za watu, nami nilipoona amevaa nguo zake za Idi nikashindwa kumwaibisha, nikasimama, nikashukuru, na chumvi nikatia, nikasema nilisikia jiwe likipasuka tumboni, paa! Watu wakapiga makofi. Nilijisikia raha, Mama Mugeni, sijawahi kusikilizwa hivyo.

Sasa jirani yangu Nduwayo, kinyozi, naye ana jiwe, kubwa kuliko langu, hospitali wamemwita alazwe, naye amekataa kwenda, anakunywa majani ya mama mkwe asubuhi na jioni, na tangu juzi anatetemeka kwa homa na mkojo una damu. Jana alinishika mkono akaniuliza, "Fundi, yako ilipasuka siku ya ngapi?" Nikamwambia avumilie. Nikisema kweli, mama mkwe ataaibika mtaa mzima na Yasmina hatanisamehe, na nikinyamaza naogopa huyu mtu atakufa. Nifanyeje?

Fundi Mwongo, Biryogo

*

Fundi, nimecheka mpaka kwenye ile kanzu. Kwa Nduwayo sikucheka tena.

Nakuhurumia kidogo. Kukataa kikombe ambacho mama mkwe amekwisha kukionja si kazi ndogo, mimi pia nina wakwe. Na mwaka huu wa vyama vingi kila mtu anahutubia, nawe ukapata makofi yako. Lakini kumwambia mtu mwenye homa avumilie? Hiyo si heshima ya ukwe. Ni woga, na nimekasirika.

Sidharau majani. Umuravumba wa mama yangu umenituliza kikohozi mara nyingi. Ila jiwe likiziba njia ya mkojo na homa ikaingia, hiyo ni kazi ya daktari, na ni ya leo hii.

Barua yako ilinifikia asubuhi, nikapanda basi kutoka Remera kuja Biryogo kumtafuta kinyozi mwenye homa. Sikukutaja. Nilimwambia aende hospitali, akanijibu, "Mama, hii dawa iko na nguvu. Fundi alikunywa, jiwe yake ikapasuka. Fundi hawezi kunidanganya." Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Daktari hamsikilizi, mimi hanisikilizi. Anakuamini wewe.

Basi acha cherehani. Nenda kwake, mwambie uliimwaga, mwambie na ndoo yenyewe, kisha umpeleke hospitali wewe mwenyewe, na daktari aambiwe majani aliyokunywa. Kwa mama mkwe usikurupuke. Mwombe shangazi yake Yasmina atangulie, ndipo uingie uombe radhi. Mwambie dawa yake hukuinywa, kwa hiyo kwako wewe haijashindwa. Atakasirika, na ana haki. Mwenye kanzu mfulie bure. Na wewe unywe maji, mtu mzima hafundishwi hilo.

Kibanda chako nimekikuta kimefungwa, kwa hiyo nasukuma karatasi hii chini ya mlango. Gazetini itatoka Ijumaa, na mama mkwe hatakosa wa kumsomea, afadhali akusikie wewe kwanza. Lakini yeye anaweza kungoja mpaka Ijumaa. Nduwayo nimemwacha amejifunika mablanketi mawili mchana wa jua kali, mkewe akichemsha majani ya jioni.