Mutu Asiguse Muti Yangu

Maman,

Wiki iliyopita niliutoa mti wako kwenye chungu chake, nikakata mizizi yake kwa wembe, nikakuta ulichokuwa umekificha chini. Nilianza kukuandikia siku ile ile nikachana karatasi, kwa sababu maneno yaliyokuwa yanatoka mtoto hawezi kumwambia mama yake, hata mama aliyekwisha kuzikwa. Leo nimetulia kidogo. Si sana.

Sikukusudia kupekua mambo yako. Mti ulikuwa unakufa. Siku za kilio tulitoa viti na meza zote sebuleni ili watu wapate pa kulala, na pachira yako, ile ambayo majirani waliita muti ya franga na kukuuliza kila Krismasi kama imeshaota noti, ikawekwa barazani karibu na beseni la kunawia mikono. Unawajua watu wetu. Aliyenawa alimwaga pale. Aliyesuuza kikombe alimwaga pale, pamoja na majani ya chai. Na Tantine wa Mumosho, mdogo wako, aliumwagia nusu ndoo kila asubuhi akisema, "Muti ya yaya yangu isikauke." Siku sita, Maman. Jua la kiangazi likachoma majani kwa juu, maji yakaozesha mizizi kwa chini, na wote walikuwa wanakupenda.

Tulipourudisha sebuleni majani yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Mimi nami, badala ya kukumbuka ulichonifundisha, nikaongeza maji. Kila nilipokukumbuka nilichukua jagi. Nilikukumbuka mara nyingi.

Na si kwamba hukuniambia. "Tia kidole, ifike ku kiungo ya pili. Kama udongo inanata, uache. Maji inaua kuliko kiu." Ulikuwa unachota maji leo ili uyatumie kesho, harufu ya dawa ya bomba iwe imetoka. Ulifuta jani moja moja kwa kipande cha kitenge kilicholowa, na kila Jumapili kabla ya misa ulikizungusha chungu robo moja, ili mti usiinamie dirishani. Zamani uliniachia mimi kazi hiyo ya kuzungusha. Halafu siku moja ukaninyang'anya.

Nimeikumbuka siku hiyo sasa. Ulisema kichwa kinakuuma, ukatutuma kanisani mimi na Papa peke yetu. Tuliporudi tulikuta udongo sakafuni, kitenge chako kimechafuka, na macho yako mekundu. Ukasema udongo umekuingia machoni, kwamba mti ulihitaji kubadilishiwa chungu. Papa akacheka, akasema bosi wako alipofunga ofisi akakuachia mti badala ya kukuachia gari alikuwa anakudhulumu. Wewe hukucheka. Ukasema, "Kuanzia leo mutu asiguse muti yangu. Mimi njo najua." Wewe tu, basi, ndiye unayeujua.

Basi wiki iliyopita nilitia kidole, kikatoka kinanuka kama maji ya mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa. Nikatandika gunia barazani, nikaulaza mti, nikauvuta. Katika yale mashina matano yaliyosukwa pamoja, mawili yalikuwa laini, ukiyabonyeza yanatoa maji. Nikayachomoa. Mizizi mingi ilikuwa myeusi. Nikaanza kuikata, na pale chini kabisa, juu ya mawe, mizizi iliyokuwa bado mizima ilikuwa imezunguka mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Nilidhani ni pesa. Nisamehe, nilicheka peke yangu, nikasema kumbe majirani walisema kweli.

Ilikuwa karte ya uchaguzi ya Serge, ile aliyotembea nayo kama kitambulisho. Na karatasi moja yenye mwandiko wako wa sekretari, ulionyooka, usio na kosa hata moja. Kwamba mama muuza mafuta ya mawese kutoka Bunyakiri amekuletea karte hii mwenyewe mkononi. Kwamba Serge alizikwa nyuma ya kanisa dogo, kabla ya kufika Hombo, na kwamba walimfunika kwa shuka, hawakumtupa. Na tarehe. Wewe huwezi kuandika karatasi bila tarehe.

Nilihesabu kwa vidole, Maman. Miezi kumi na minne. Kwa miezi kumi na minne tuliweka sahani ya mdogo wangu mezani, na wewe ndiye uliyekuwa unasema, "Mumuwekee na nyama, akirudia atakuwa na njaa."

Sasa nikuambie kilichoniumiza zaidi. Mambo yalipoharibika hapa mjini, benki zikafungwa, ndege zikaacha kutua Kavumu, dawa yako ya kisukari ikaanza kukosekana. Yaya Solange, dada yangu mkubwa, alipiga simu kutoka Kampala kila siku, njooni, huku insulini ipo, nimewaandalia chumba. Mimi nilishafunga mabegi. Papa ndiye aliyekataa. Ninayo sauti yake masikioni: "Serge akirudia akute mulango imefungwa na kadenasi? Siwezi toka hapa." Nilikugeukia wewe, nikitegemea useme neno moja. Wewe ukainuka, ukachukua kile kitambaa chako, ukaanza kufuta majani.

Nilidhani umekubaliana naye. Nilidhani mama kama mama, lazima amngojee mwanawe. Kumbe ulikuwa unajua hakuna wa kungojewa. Ungefungua mdomo, asubuhi yake tungekuwa tumeshavuka mpaka. Badala yake ukaendelea kuweka zile chupa ndogo za insulini zilizobaki kwenye mtungi wenye mchanga uliolowa, kwa sababu umeme wa friji haukuwepo, na ukaanza kujipunguzia kipimo ili zifike mbali. Nilikuona ukijipunguzia. Ukaniambia daktari ndiye aliyesema. Uongo mwingine.

Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa. Uliniacha nikuzike kwa ajili ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Nilikwenda soko la Nyawera kumtafuta yule muuza mawese. Yuko pale pale, karibu na wauza samaki wadogo, fretini. Alinitambua kwa uso wako. Akaniambia ulinunua bidoo nzima, dumu zima la mawese, siku ile bila kubishana bei, ukakaa chini kwenye kiti chake kidogo, ukamwomba jambo moja: "Usimuambie mutu. Bwana yangu atakufa." Nikakumbuka basi jinsi Papa alivyolala mwezi mzima Serge alipopotea, hali chakula, haongei, mpaka mtu fulani alipokuja na uvumi kwamba kijana ameonekana hai akibebeshwa mizigo na watu wenye bunduki. Ni uvumi ule uliomwinua kitandani. Uliogopa kumrudisha pale. Ulichagua Papa, ukajiacha mwenyewe.

Nakuelewa, lakini kukubali bado sijakubali.

Jumapili, baada ya misa, nilimwambia. Papa alikuwa anaweka sahani mezani, tatu, yake na yangu na ya Serge. Nilimpa karte. Aliifuta kwa mkono wa shati, akavaa miwani, akasoma kwa sauti jina lote, jina la baba, mahali pa kuzaliwa, kama alivyokuwa akiita majina darasani. Nikamweleza kuhusu kanisa lile dogo na shuka. Alisikiliza amesimama. Nilingoja aanguke. Hakuanguka, Maman. Sijui kama ungemwambia wakati ule angeanguka. Hilo hatutalijua kamwe, wala wewe wala mimi.

Halafu akauliza swali moja tu. "Maman yenu alijuaka?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Siku zote zile nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kukukasirikia, na nani mwingine ningempata? Karatasi yako ilikuwa mfukoni mwangu. Nilimtazama mzee yule, mkono mmoja umeshika karte, mwingine umeegemea kiti chako, na nikaona hesabu yote aliyokuwa karibu kuifanya: aliyekataa kuondoka ni yeye, aliyekufa kwa kukosa dawa ni wewe, na wewe ulikuwa unajua.

"Hapana, Papa," nikasema. "Yule mama wa mawese ameileta juzi. Maman alikufa akimungojea Serge, sawa na sisi."

Ndipo alipolia. Alilia mpaka miwani ikaanguka mezani. Akasema, "Basi sasa amemuona." Akachukua sahani ya Serge, akaiosha ingawa ilikuwa safi, akaifungia kabatini. Jioni aliniambia nimpigie Solange.

Tunaondoka Alhamisi. Padri atasoma majina yenu wawili kwenye misa ya asubuhi, lako kwanza, la Serge likifuata, na mama wa mawese ameahidi kuweka msalaba kule nyuma ya kanisa. Mashina matatu yaliyobaki nimeyapanda upya, kwenye udongo uliochanganywa na mchanga na makaa yaliyosagwa. Yana majani manne tu, na sijui kama yataishi. Nimeahidi kutia kidole kwanza kabla ya jagi. Nimeahidi robo moja kila Jumapili, na huko Kampala pia.

Karatasi yako sikuweza kuichoma. Ni mwandiko wako. Nimeirudisha kwenye mfuko wake, nikaifunga kwa mpira ule ule, nikaiweka chini juu ya mawe, mahali pake.

Lala sasa, Maman. Msalimie Serge, mwambie sahani yake ni safi. Leo asubuhi Papa alinikuta nakifunga chungu kwa kamba, tayari kwa safari. Akaniuliza nini inanisumbua kubeba mti mgonjwa kwenye basi siku nzima, wakati Kampala imejaa miti, akainama anisaidie kuunyanyua.

Nikamwambia, "Hapana, Papa. Mutu asiguse. Mimi njo najua."

Mtoto wako,
Nadège