Tangawizi ya Mama

Dada Mwende, Mama ameamkaje huko Mwingi? Hapa Nairobi ni baridi na manyunyu, lakini nimeapa atakunywa soda ya Nyota, ile ya tangawizi, maadamu tangu augue ndiyo tu anayoitamani.

Unakumbuka Nyota ilikuwa ya tangawizi pekee, ile Baba alituletea Krismasi? Siku hizi kuna ya embe, ya nanasi, hata ya ndimu, zote kwa chupa za plastiki. Madukani Komarock walinicheka nilipoiulizia. Sokoni Burma wakanipa ya machungwa, nikakataa. Leo nimeiona mtaani Majengo, dukani kwa Mama Halima, kwa chupa ya kioo.

"Baridi ama moto?" akauliza.

"Moto, inasafiri."

"Haisafiri. Kama huna chupa tupu, kunywa hapa hapa."

"Mgonjwa ni mama yangu, yuko Mwingi."

Akanitazama. "Basi acha kitu hadi chupa irudi."

Nimeacha kofia ya marehemu Baba. Soda inakuja na kadi hii mkononi mwa Mutua, yule jirani yetu dereva. Mama anywe pole pole, apate nafuu. Na wewe, chupa hii usiifanye taa ya koroboi kama ile ya Krismasi. Irudishe! Nimemwahidi Mama Halima chupa, na Baba nimemwahidi kofia.

Ndugu yako, Musyoka