Bibi, Neema Aende Chekechea au Abaki Nyumbani?

Bibi yangu mpendwa,

Sisi huku Heru Juu hatujambo. Hapa ningekuuliza kama na wewe hujambo, lakini tulikuzika mwaka jana wakati wa kupanda maharage, na mwalimu wetu wa Kiswahili hapendi barua yenye maswali yasiyoweza kujibiwa. Hata hivyo nakuandikia, kwa sababu Baba amenipa kazi kubwa kuliko kimo changu na sina mwingine wa kumuuliza.

Kanisani wamefungua chekechea ndani ya ukumbi, ya watoto kuanzia miaka mitatu. Jumatatu wanaandikisha. Mama anataka mdogo wangu Neema aende. Baba hataki. Wamebishana wiki nzima, mpaka ugali ukawa unapoa mezani.

"Mtoto wa miaka mitatu akasome nini?" Baba anasema. "Bado anavaa viatu kinyume!"

"Wa jirani anajua a, e, i, o, u," Mama anajibu.

"Na kuku wa jirani anajua ko-ko-ko. Amefika wapi?"

Alhamisi Baba akachoka. Akaninyooshea kidole, akasema, "Yustina aamue. Si yuko kidato cha pili? Jumamosi jioni atuambie kama shule inamfaa mtoto mdogo namna hii. Atakalosema, ndilo litakalofanyika."

Bibi, mdogo wangu mzima amewekwa mkononi mwangu kama yai! Nimefungua daftari nitafute ushahidi, kama tunavyofundishwa, na ushahidi pekee nilionao ni mimi mwenyewe. Nao unakuhusu.

Unakumbuka tulivyoingia darasa la awali? Nasema tulivyoingia, maana tuliingia wote wawili. Kadi yangu ya kliniki ilikuwa imeliwa na mchwa, na siku zile asiye na kadi alipimwa umri kwa mkono. Unaupitisha juu ya kichwa. Ukigusa sikio la upande wa pili, umekua. Usipogusa, rudi nyumbani. Mimi nilikuwa na miaka minne na vidole vyangu vilikuwa vinaishia utosini.

Hukukata tamaa. Kila asubuhi uliupaka mkono wangu wa kulia mafuta ya mawese, kuanzia begani mpaka kwenye kucha, kisha ukauvuta. "Tulia, mke mwenza," uliniambia. Uliniita hivyo ingawa Babu alikuwa ameshafariki na hatukuwa na mume wa kugombania. "Mkono ukivutwa unarefuka." Sijui kama ulirefuka. Najua mbwa wa jirani alinifuata wiki tatu akilamba kiwiko.

Siku ya kupimwa ulimwamkia Mwalimu Gervas kwa Kiha, "Mwakeye!" kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Yeye akaniangalia, akasema, "Haya, mkono wa kushoto."

Ukaruka kutoka kwenye foleni. "Wa kushoto? Huo haujapakwa mafuta!"

Wazazi wote wakageuka.

"Kwani wa kulia umepakwa, mama?"

"Umepakwa na umevutwa mwezi mzima. Mpime huo. Ndio uliojiandaa."

Mwalimu alicheka mpaka kalamu ikamdondoka. Akaandika jina langu bila kunipima mkono wowote. "Nikimrudisha," alisema, "mwezi ujao utaniletea na wa kushoto."

Basi tukasoma. Mimi nililala. Nililala kwenye nyimbo, nikalala kwenye namba, nikaamka kwenye uji. Ripoti yangu ya kwanza ilisema, "Analala bila kusumbua wenzake." Wewe ulikaa nje chini ya dirisha na ungo wako, ukichambua maharage, eti unaningoja. Mwalimu akiuliza ubaoni, "Hii ni herufi gani?" sauti ilitoka nje: "E!"

"Bibi, tafadhali, nataka watoto wajibu."

"Si wajibu! Mimi nimewaziba midomo?"

Mwisho wa mwaka wewe ulijua irabu zote na mimi nilijua jua linagonga dawati langu saa ngapi. Nikarudia darasa la awali, mtoto pekee kurudia mwaka ule. Mama aliona aibu, akawa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Wewe uliwaambia majirani, "Hakufeli. Alikuwa anapumzika."

Ukweli ni kwamba nilichojua nilijifunzia kwenye ungo. Haya ya mbegu, haya ya chungu, haya yaliyotobolewa ni ya kuku. Uliniambia nipange kumi kumi, na nikikosea ulirudisha yote katikati bila kunigombeza. Nilipofika darasa la kwanza nikakutana na kujumlisha, sikuona namba ubaoni. Niliona maharage yako. Kwa hiyo Ijumaa nilikuwa nimeshaandika hotuba yangu, ukurasa na nusu, na hitimisho lilikuwa upande wa Baba: mtoto mdogo hujifunza vizuri zaidi nyumbani. Niliisoma kwa sauti mara mbili. Ilinipendeza sana.

Jumamosi mchana nikaenda sokoni Kasulu kumsaidia Mama. Nilimkuta Neema chini ya meza ya mboga, amefungwa khanga kiunoni na ncha ya pili imefungwa kwenye mguu wa meza, asikimbilie barabarani kwenye bodaboda. Alikuwa amekaa mbele ya kabichi kubwa, anaifokea. "Kaa vizuri! Kula! Sema asante!"

Nikacheka. Nikamuuliza, "Unacheza na nani?"

"Na huyu," alisema. "Mkaidi."

Mama alikuwa anahudumia wateja watatu kwa mpigo. Alinitazama kidogo tu, akasema, "Ndivyo anavyoshinda, mwanangu. Bibi yenu hayupo."

Nilirudi na ukurasa na nusu wangu mfukoni, nikijua haunifai tena. Nilikuwa nimeandika "nyumbani" mara tisa, Bibi, na kila mara nilimaanisha wewe.

Jioni wakakaa kunisikiliza. Baba alivua kofia kabisa, kama yuko mkutanoni. Nikasema, "Neema aende."

"Haa!" Baba akashtuka. "Si jana nilikusikia nyuma ya nyumba ukihubiri kwamba shule haikukusaidia kitu?"

"Haikunisaidia, Baba, kwa sababu nilikuwa na Bibi. Neema ana kabichi."

Mama akainamia mchele aliokuwa anauchambua, ingawa giza lilikuwa limeshaingia na hakuwa anaona kitu.

"Atalala darasani kama wewe," Baba akasema, lakini polepole.

"Alale. Akiamka atakuta watu."

Nikaongeza masharti, maana nimefundishwa kwamba hoja bila masharti ni kelele. Mwaka huu asipimwe kwa mtihani. Akichapwa, tunamtoa. Na asipojua a, e, i, o, u mpaka Krismasi, mtu asimsimange. Baba akamuuliza Mama kama Neema ana gauni lisilo na doa. Ndivyo nilivyojua nimeshinda.

Jumatatu nitampeleka mwenyewe. Nitachelewa kuhesabu namba asubuhi shuleni na adhabu yake ni kufagia uwanja, nimeshakubali. Sijui kama nimeamua sawa. Huenda atakachojifunza ni kupanga mstari tu. Kama nimekosea, nikasirikie mimi, usimkasirikie Baba. Kama nimepatia, usidhani tumeipa shule nafasi yako. Mtu mmoja hawezi kuijaza, Bibi, ndiyo maana tumeweka darasa zima.

Pumzika, na uamini ninajitahidi.

Mjukuu wako wa kwanza,
Yustina