Mizani Yako Haikukosea, Baba

Kwako baba yangu, uliyenifundisha kunyamaza,

Nimemaliza shule. Ulitaka sana kuiona siku hiyo, basi nakupa habari zake. Mwalimu aliita jina langu, nikasimama, nikasahau kuitikia, wasichana wakacheka. Ungekuwepo ungesema, "Mwacheni, huyu anaongea kwa mikono." Ndivyo ulivyonitetea kila mtu aliponiuliza jambo nikainama.

Leo nataka kuongea nawe habari za mizani. Watu wa mtaani wanaisema vibaya, nawe wanakusema nayo, na siku ile ya mwisho hakuna aliyekuwa nawe kazini bandani ila mimi. Bibi mzaa mama alijua herufi za msahafu tu, hizi za shule hakuzijua, na sasa haoni kabisa, kwa hiyo hapa naweza kusema yote.

Unakumbuka tulivyoinunua? Kabla ya hapo ulijaza maganda ya risasi za wawindaji kwa kipimo peke yake, kile kikombe cha shaba chenye kifuniko cha kusukuma. Kwa baruti nyeusi ya zamani kilitosha. Ilipokuja baruti mpya isiyo na moshi ukasema kikombe hakitoshi tena, kwa sababu hii kidogo chake kina nguvu nyingi, na mkono ukizidisha kidogo tu, bunduki inapasuka. Ukanishika mkono tukaenda kwa yule sonara wa Kihindu aliyekuwa akiuza vyombo vyake vikuukuu. Akatutolea mizani mbili. Moja ilikuwa ya springi, inang'aa, ina uso kama wa saa. Ya pili ilikuwa ya visahani viwili vilivyoning'inia kwenye mkono mwembamba wa shaba, nayo imefubaa.

"Chukua hii inayong'aa, fundi," sonara akasema. "Wateja wataipenda."

"Mteja wangu anapenda kurudi nyumbani na vidole vyake," ukamjibu. "Niazime punje."

Akakupa punje za tipitipi, zile nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo masonara hupimia dhahabu. Ukaiweka punje moja juu ya ile ya springi, ukaiondoa, ukaiweka tena. Kila mara mshale ulisimama mahali pengine. Kisha ukaweka punje kila upande wa ile iliyofubaa, ukazibadilisha, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, ukaupulizia mkono wake upepee, ukangoja. Ulitulia palepale. Ukanigeukia mimi, si yeye.

"Mizani ikisema maneno mawili juu ya kitu kimoja, hiyo ni mbeya. Nasi mbeya hatumpeleki nyumbani."

Sonara akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Sasa huyo mbeya wangu nitamuuza kwa nani, fundi?"

"Kwa muuza sukari," ukasema.

Nilicheka njia nzima mpaka Msimbazi. Nadhani ndiyo siku niliyocheka sana kuliko zote maishani mwangu.

Ukanifundisha kuitumia. Meza isiyumbe hata kidogo. Ukakata kipande cha ngozi ukakiweka chini ya mguu mfupi. Mlango ufungwe, maana upepo wa baharini hauonekani lakini unabonyeza kisahani kama kidole. Kisahani kifutwe kwa kitambaa kikavu, kwa sababu hewa ya mji huu ina maji. Kipimo kilimwaga kwanza, tena pungufu kidogo, halafu ukachota kwa kijiko cha pembe na kukigongagonga kwa ukucha, chembe baada ya chembe, mpaka mkono wa mizani unyooke. "Cha haraka kianze," ulisema, "cha kweli kimalize." Mimi nilikuwa mkata vizibo vya kadi, vile vya kukalia juu ya baruti ndani ya ganda. Nilikaa mbele yako, na tulikuwa hatusemi neno asubuhi nzima. Sijapata kukaa na mtu mwingine hivyo.

Na ile desturi yako ya kitambaa chekundu mlangoni. Kikitundikwa, baruti iko wazi, hapana hodi, hapana salamu. Mtaa mzima ulijua. Wageni ndio waliokuona huna adabu. Namkumbuka Bwana Seifu, yule Mwarabu mwenye duka la misumari aliyependa kuwinda kanga, amesimama chini ya upenu na mwavuli wake, anasema na ukuta.

"Ukuta, hujambo? Mwambie fundi nimefika. Mwambie kanga wanazeeka huko."

Wewe kimya, na midomo inakutetemeka kwa kicheko. Ulipofunga kopo la baruti na kutoa kitambaa ndipo ulipomfungulia. "Aleikum salaam, Bwana Seifu. Ukuta umenipa salamu zako zote."

Bibi peke yake ndiye asiyejua habari za kitambaa. Nani angemwambia? Alikuwa hafiki bandani, yeye na ng'ambo yake Kigamboni. Hata angeambiwa, mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumfunika macho yote mawili. Nyekundu na nyeupe kwake ni ukungu mmoja. Siku ile alivuka Magogoni kwa mashua, akashikwa mkono na watu mpaka mtaani kwetu, akapiga hodi. Akangoja. Akapiga tena, kwa sauti ya mtu anayefikiri amekosea nyumba.

Nilikuona, baba. Kisahani kilikuwa mkononi mwako. Ulikuwa umekwisha mimina ndani ya ganda, au ulikuwa karibu kumimina, sikuona vizuri, kwa sababu nilikuwa nautazama uso wako. Ungemwacha mtu yeyote angoje, hata jumbe. Lakini huyu ni mama yake mama. Uliniambia tangu nikiwa mdogo, "Mkwe wangu alinipa mama yako, na mama yako alipokufa hakunidai neno. Sitamfanya asimame mlangoni kwangu." Ukakiweka chini kisahani. Ukasema, "Karibu, mama. Shikamoo." Mimi nikainuka kumpokea kikapu, wewe ukamtandikia mkeka.

Uliporudi mezani ulikuta kisahani kitupu. Ukapima, ukamimina katika ganda lililokuwa mbele yako. Na wewe ulikuwa na kawaida ya kutoa baruti ya siku kwenye kopo na kuitia bakulini kwa uzito wake kamili, ili ganda la mwisho likipata haki yake, bakuli libaki tupu. Siku ile ganda la mwisho halikupata kitu, kama kwamba jingine limepata mara mbili. Siku nyingine ungeyafungua yote, ukapima upya moja moja, hata jua lizame. Ukatazama mkeka, ukamwona Bibi ameinamisha kichwa, hajala tangu alfajiri. Ukasema, "Labda imemwagika," ukapangusa meza, ukatia vizibo na marisau, zile risasi ndogondogo, ukayafunga maganda, tukala.

Jioni ukashuka bonde la Msimbazi kupiga moja, kama ulivyofanya kwa kila kazi kabla ya kumpa mwenyewe. Jambo hilo ulikuwa ukiliita kuonja. Ukachukua moja bila ya kuchagua. Sitaandika zaidi ya hapo. Wewe unajua, na mimi niliyekuja mbio nilipousikia mlio wa bunduki usio wa kila siku najua.

Siku ya hitma yako wanaume walikaa uani. Nilikuwa napeleka kahawa. Mmoja akasema, "Ile mizani ilizoea dhahabu, baruti ingeijulia wapi?" Wakaguna. Mwingine akasema fundi naye alikuwa ameanza kuchoka jicho. Na Baba mdogo Hamadi, ndugu yako wa tumbo moja, akasema, "Nilimwambia kaka anunue mpya. Mbishi."

Nikasikia sauti yangu. "Mizani ni nzima."

Wote wakanigeukia. Hawajapata kunisikia. Baba mdogo akaweka kikombe chini, akasema kwa upole kabisa, "Basi tuambie, mwanangu. Nini kilichomuua kaka yangu?"

Bibi alikuwa kwenye kizingiti na wanawake wenzake. Akakigeuza kichwa upande wangu, vile anavyofanya, kwa sikio. Nikaokota vikombe, nikaingia jikoni.

Hajarudi Kigamboni tangu siku hiyo. Analala kitandani pangu. Chakula anakigusa tu. Na tena ameacha kupiga hodi. Nikimpeleka kwa jirani na kumwacha mlangoni, nikirudi namkuta amesimama palepale, juani, kimya, anangoja mtu atoke amwone. Jirani wanasema uzee umemwingia kichwani. Mimi namshika mkono, namwingiza ndani.

Asubuhi hii nilikuwa namsuka nywele. Baba mdogo alikuwa sebuleni, anachagua vyombo vyako vya kuuza. Bibi akasema, pole pole, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kukinunua:

"Mjukuu wangu. Wewe ulikuwa ndani. Nilipopiga hodi, baba yako alikuwa ameshika baruti?"

Nikasema, "Hapana, Bibi. Alikuwa amekwisha funga kopo."

"Una hakika?"

"Nililiona kwa macho yangu."

Alilia sana, na mabega yake yakalegea mikononi mwangu. Halafu akaniuliza kama kuna uji. Akanywa bakuli zima.

Baba mdogo akaja mlangoni. Alikuwa amesikia. "Basi ni mkono wake mwenyewe," akasema, "Mungu amrehemu." Akaondoka na mizani kwapani kumpelekea mfua shaba, na nadhani sasa hivi mtaa mzima umekwisha jua kwamba hata mtoto wa fundi amekiri kosa ni la baba yake.

Kopo lilikuwa wazi, baba. Mkono wako ulikuwa sawa na mizani ilikuwa sawa, na niliyekuwa na haki ya kulisema hilo nimelizika. Sikupata njia nyingine. Ningekutoa wewe lawamani ningemtia yeye, naye yu hai, naye hulala ubavuni kwangu. Nimemchagua yeye. Ukinikasirikia nitajua una haki, ila nikasirikie mimi. Yeye mwache anywe uji wake.

Ni mimi, mwanao wa pekee, uliyemwachia Bibi.