Nilipeleka Jogoo Ili Mke Wangu Asiende Kwenye Barafu

Mama Wariara, pokea salamu kutoka Molo, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana jambo hili nimelibeba peke yangu, hata mchungaji sijamwambia kwa kuwa mke wake ni rafiki wa mke wangu na habari huko hazikai.

Mimi ni mwanamume mwenye duka la dawa za mifugo, sinywi, sipigi mtu, na mke wangu Chepkemei ni mwanasayansi kwenye kituo kimoja cha utafiti huko Milimani, Nakuru, na kazi yake, kwa ufupi, ni kuangalia barafu. Si ya friji. Kuna nchi inaitwa Greenland ambayo karibu yote imefunikwa na barafu nene kuliko mlima, na yeye anaifuatilia kwa setilaiti, zinapita juu zinapima kimo cha ile barafu, zinarudi zinapima tena, na ikipungua yeye ndiye anayejua imepungua wapi na kwa kiasi gani. Aliniambia pia kuna setilaiti mbili zinazofuatana ambazo zinajua uzito wa barafu yote bila kuigusa, na hapo tulibishana hadi chakula kikapoa, kwa sababu mimi nina mizani dukani na sijaona mizani ya kupima gunia likiwa bado kwa lori.

Haya yote nimeyavumilia, Mama. Wateja wananiita Bwana Barafu, wananiuliza, "Boss, si umuulize mathe kama viazi vitachomwa na baridi mwaka huu?" na mimi ninacheka nao huku nikiwapimia chumvi ya ng'ombe.

Sasa mwaka huu akaalikwa kwenda Greenland yenyewe, wiki sita, mwezi wa saba, asimame juu ya barafu na kuipima kwa mkono pamoja na wenzake wa ng'ambo, waone kama setilaiti zinasema kweli. Mke wangu ameitazama barafu hiyo miaka kumi na moja na hajawahi kuikanyaga. Siku aliyopata habari aliimba akikamua ng'ombe, na mimi nikasema hongera kwa mdomo huku moyo ukiniuma, kwa sababu akilini nilimwona kwenye hema na wanaume wenye ndevu na digrii, nikajiuliza, akishaona huko, atarudi Molo kutafuta nini kwa mtu wa dawa ya kupe?

Basi nikafanya vile marehemu baba alifanya nilipokuwa shule ya bweni na yeye alitaka nirudi nyumbani kuchuma pareto. Baba alimchukua ndugu yake, akachukua jogoo, wakaenda kwa mwalimu mkuu wakaongea kama wanaume, nikapewa ruhusa siku hiyo hiyo. Mimi nikamchukua yule yule Mzee Mbugua, ndugu ya baba, tukavaa makoti, tukaenda Milimani na jogoo mwekundu kwa kikapu hadi kwa bosi wa mke wangu, Daktari Kipngeno, siku ambayo Chepkemei alikuwa nyumbani na homa. Mzee ndiye alifungua mazungumzo. "Boss," akasema, "huyu msichana wetu tumeongea na yeye, amekubali kubaki. Ni mambo ya boma tu. Tafuta mwingine, na usimuulize maswali mengi, ataskia aibu." Daktari akatutazama, akatazama jogoo, akasema, "Sawa wazee, familia kwanza." Akapokea kikapu kwa mikono miwili, na nafasi akapewa kijana mmoja anaitwa Travis.

Nilidhani mke wangu atanuna siku kadhaa kisha ayasahau. Lakini aliambiwa tu kwamba mipango imebadilika, na yeye kwa heshima yake hakuuliza, akajiamulia kwamba ameachwa kwa sababu kazi yake ina kosa. Sasa anarudia vipimo vyote vya miaka kumi na moja, mwaka kwa mwaka, akitafuta mahali alipokosea. Chakula hali, wimbo hakuna. Juzi aliniambia, "Gathogo, labda hii kazi siijui. Labda nimekuwa nikidanganya watu hiyo miaka yote." Nikamwambia, "Pole, ni mipango ya Mungu."

Naomba unisaidie mambo mawili. Kwanza, nimwambie maneno gani ya kumtuliza arudi kuwa alivyokuwa, bila mimi kutajwa? Pili, kwa vile hizo setilaiti zinapita kila mahali, je, anaweza kuniona nikiingia lile geti na jogoo? Kikapu kilikuwa wazi.

Ni mimi,
Wasiwasi wa Molo

MAMA WARIARA ANAJIBU

Ndugu yangu Wasiwasi, umejificha nyuma ya jina la kupanga kisha ukanitajia la kwako, la mke, la bosi na rangi ya jogoo. Majina ya watu nimeyabadilisha. Jogoo nimemwacha alivyo kwa sababu yeye peke yake hana hatia.

Nianze na swali la pili maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Hapana. Setilaiti za mkeo zinapima barafu, na koti lako haziwezi kulitambua hata ukisimama katikati ya Greenland ukipunga mkono. Lakini askari wa geti alikuona, sekretari alikuona, na sidhani jogoo alikaa kimya ofisini kama mgeni wa kanisa. Kituo kizima kinajua isipokuwa mkeo, na siku mmoja wao atakapomwambia, wewe utakuwa mtu wa mwisho kumweleza badala ya wa kwanza.

Sasa nikuulize. Baba yako alikuombea ruhusa ukiwa mtoto wa shule. Chepkemei ni mtoto wa nani pale Milimani? Mwanamke mwenye shahada ya juu anayekukamulia ng'ombe asubuhi, wewe na Mzee Mbugua mmemtoa kazini kama mnamtoa darasa la sita! Na huyo Daktari Kipngeno, msomi mzima, aliamini makoti mawili na kuku kuliko mfanyakazi aliyekaa naye miaka yote, na hakupiga hata simu moja kumuuliza. Akisoma gazeti hili, ajue nimemwona.

Hofu yako ninaielewa. Kuogopa kuachwa kunauma, na kwa mwanamume wa kwetu kulisema hilo kunauma zaidi. Lakini aliolewa nawe ukiwa na harufu ya dawa ya kupe na hakuziba pua. Umeniambia mwenyewe kwamba wanasayansi wanapanda ndege kwenda kuona kama setilaiti zinasema kweli. Wewe ulikisia moyo wa mtu unayelala naye nyumba moja, na hukufungua mdomo kumuuliza.

Maneno ya kumtuliza sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Mwambie ni wewe. Mzee Mbugua usimtaje, na Mungu mwache kabisa, hakuwa kwenye kikapu. Sema ulienda, sema ulisema uongo, sema uliogopa, kisha unyamaze na usikilize yote atakayokuambia, hata kama ni kwa Kikalenjin. Halafu uende Milimani mikono mitupu, useme hayo hayo mbele ya Daktari na sekretari wake, kwa sauti ile ile ya siku ile. Mwezi wa saba bado, huenda Travis hajakatiwa tiketi. Kama amekatiwa, basi umemnyang'anya mkeo kitu ambacho huwezi kumrudishia, na usithubutu kumpangia siku ya kukusamehe. Akiondoka kwenda kwao, usimfuate na jogoo mwingine. Akienda Greenland, ng'ombe ni wako wiki sita.

Lakini usingoje Jumapili. Sasa hivi mwanamke huyo anatafuta kosa katika kazi ya miaka kumi na moja, na kosa limekaa mezani likingoja kuwekewa chai. Inuka umwekee yeye, kisha umwambie.