Mwacheni Kapinga na Bangili Yake

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Kwako Mama, mzazi wangu mpenzi,

Naomba barua hii ikukute umeketi jikoni ukiwa na afya, na Tata, baba yetu, awe anarudi kutoka stesheni bila maumivu ya mgongo. Mimi ni mzima. Mvua inapiga mabati ya bweni, nami najiambia labda imeanzia kwenu Mutshatsha.

Barua aliyoiandika Tata kwa niaba yako niliipata. Unauliza watawa wetu wanasemaje, kwa kuwa katekista amekataa kusimika msalaba juu ya kaburi la mdogo wangu Kapinga mpaka mumfukue na kumvua bangili ya shaba uliyomvalisha. Alikuambia mbele ya wanawake kwamba umemzika mtoto kipagani. Tangu siku hiyo huendi kanisani. Mama, sikujua nijibu nini. Usinikasirikie kwa kukawia.

Kisha Masere, mtawa anayetufundisha historia, akaanza somo la wafalme wa kale wa Ulaya. Mmoja alibatizwa baada ya kushinda vita, na askari wake wakamfuata majini. Wanawe waligawana nchi kama nyama ya mbuzi, halafu wakapigania mifupa. Masere akasema mfalme yule alipobatizwa hakubadili jina. Rafiki yangu Zaituni, ambaye baba yake Mwislamu ana malori, akaita kutoka nyuma: "Basi ule alikuwa Muzairwa kabisa!" Tulicheka sana, maana siku hizi, kwa amri ya serikali ya Zaire, hata sisi majina ya ubatizo tunayaacha mlangoni.

Nikauliza, "Masere, zamani zile, huku kwetu kulikuwa nani?"

Alifungua kabati akatoa picha za makaburi yaliyochimbuliwa kando ya ziwa Kisale, kule mto Lualaba unakotawanyika. Ni ya kale sana, karibu na enzi za wafalme wale. Wapo wakubwa waliozikwa na mashoka ya heshima. Lakini Mama, wapo na watoto. Wana mikufu ya shaba, na vyungu vidogo vilivyofinyangwa kwa kipimo cha mkono wa mtoto.

Tangu hapo namwona mama mmoja, usingizini na hata katikati ya sala. Ameketi ukingoni, ukungu umelala juu ya maji, naye anafinyanga chungu kile na kukilainisha kwa dole gumba. Hageuki. Mgongo wake ni kama wako.

Nikamweleza Masere habari za Kapinga, nikidhani atanikemea.

"Malkia wa wale wafalme waliobatizwa," akasema, "unajua walizikwa na nini?"

"Hapana, Masere."

"Na pete zao, na hereni zao. Na waliombewa." Kisha akaniuliza: "Mama yako alimuvalisha mutoto ile bangili sababu gani?"

"Alisema mutoto asiende mikono mitupu."

"Bon, sawa. Asimuvue."

Tulipotoka, Zaituni, aliyesikia yote, akanishika mkono. "Kwetu tunazika mutu na sanda tu, hata pete tunatoa. Lakini ile bangili, mama yako alishamupatia mutoto wake. Katekista anaitaka ya nini? Anataka kuivaa yeye?" Nikacheka huku nikilia.

Masere amesema wazi kwamba hana amri juu ya katekista wenu. Atazungumza na padri, ila padri hufika huko mara chache. Basi msingoje. Tata achonge msalaba wa mti, nawe uusimike kwa mikono yako. Jumapili nenda misa, ukae mahali pako pa mbele. Watakaokutazama, waache watazame.

Nisalimie Tata, na Kaku, bibi mzaa Tata, na mama jirani aliyekesha nawe msibani. Msalimie na katekista, kwa heshima. Ndiye aliyenifundisha kusali, na Kapinga anahitaji sala zake pia.

Ni mimi binti yako, dada yake Kapinga,
Ngalula