Aliyebisha Akiuliza Kampuni

Alby, Februari 2009

Dada yangu mpendwa Alliance,

Natumaini Bujumbura hamjambo. Huku theluji imefunika hata baiskeli za watoto.

Dada, mwanao Elise hakai kwangu tena. Unakumbuka alivyoanguka kwenye ngazi kule Kista, akiifanyia kazi kampuni yangu ya usafi. Mkono haujapona.

Jumatatu nilikuwa namenya ndizi, Elise kando yangu, mtu akabisha akiuliza kampuni. Nikamwambia ni hapa, kwa sababu niliandikisha nyumba hii kuwa anwani yake, na mimi kuwa mpokeaji wa barua zake. Akanikabidhi wito wa mahakama. Mshtaki ni Elise, anadai fidia ya mkono wake.

Nilipomsomea jina lake, Elise akasema:

"Mama mdogo, wakili alisema tunaishtaki kampuni, si wewe."

"Kampuni ni mimi tu, mwanangu."

Tulilia sote wawili. Jioni nilimfunga vifungo vya koti, maana kwa mkono mmoja hawezi, akaenda kwa rafiki yake anayeishi mtaa wa Sundbyberg. Alisema anaona aibu kula chakula changu.

Akikupigia simu, usimgombeze. Mwambie kitanda chake sijakitandua.

Mdogo wako akupendaye,
Colombe